BWANA SHAMBA ANASEMA: Usimwage Ndoo Hiyo

Mwezi huu siandiki juu ya pamba wala mihogo. Naandika juu ya ndoo moja ya maji. Ilikuwa ndoo ya plastiki ya lita 20, kama ile uliyo nayo nyumbani kwako. Lakini kilichokuwa ndani yake kingeweza kuharibu maji ya vijiji vingi.

Sikiliza habari yenyewe.

Ndoo njiani

Mwishoni mwa mwezi wa tisa nilikuwa nakwenda kutazama lambo la kijiji kimoja katika kata yangu. Ulikuwa wakati wa kiangazi na maji ya lambo yalikuwa yamepungua sana. Njiani niliwakuta vijana wawili wanasukuma baiskeli. Nyuma ya baiskeli walikuwa wamefunga ndoo. Juu ya maji walikuwa wameweka majani ili yasimwagike.

"Shikamoo, bwana shamba," walisema.

"Marahaba, wanangu. Mnapeleka wapi maji, na kisima kiko huku?"

Walicheka. Yule mkubwa akaondoa majani. Nikaona samaki wadogo, kila mmoja urefu wa kidole. Wengine walikuwa wameanza kuelea tumbo juu.

"Ni sangara," alisema. "Tumewatoa ziwani. Tunakwenda kuwapanda lamboni. Wewe mwenyewe, bwana shamba, ulitufundisha kupanda samaki. Sisi hatuna bwawa, lakini kijiji kina lambo. Sangara ana bei nzuri. Wakikua, kijiji kizima kitapata fedha."

Nikawaambia wasiwamwage. Wakatazamana. Kisha yule mdogo akasema polepole:

"Lakini hii ni ndoo ya pili. Ya kwanza tuliimwaga Jumapili."

Ndugu msomaji, vijana hao si wezi wala si wavivu. Walitaka maendeleo. Na mimi nina kosa langu. Kwa miaka mingi nimewafundisha watu kuchimba mabwawa. Nimewafundisha kupima kina, kuweka samadi na kulisha samaki kwa pumba. Lakini sikuwaambia ni samaki gani hawafai kupandwa, wala kwa sababu gani. Kwa hiyo leo nasema.

Sangara ni samaki gani?

Sangara ni samaki mkubwa anayekula samaki wenzake. Akiachwa akue anaweza kufika urefu wa karibu meta 2 na uzito wa kilo 200. Huo ni uzito wa magunia mawili ya mahindi. Akiwa mchanga hula wadudu wadogo wa majini. Akikua kidogo huanza kula samaki. Samaki wengine wakipungua, hula hata watoto wa sangara wenzake.

Watu wengi hufikiri kwamba sangara amekuwamo katika Ziwa Viktoria tangu zamani. Sivyo. Wazee waliovua ziwani kabla ya mwaka 1950 hawakumjua.

Kwao sangara ni Mto Nili na maziwa kama Ziwa Albert, lililo kati ya Uganda na Kongo. Maji ya Ziwa Viktoria hutoka Jinja na kwenda mpaka Ziwa Albert. Lakini njiani kuna maporomoko makubwa yaitwayo Murchison. Hapo mto mzima hupenya katika ufa mwembamba wa jabali na kuanguka zaidi ya meta 40. Sangara aliyekuwa chini hakuweza kupanda. Maporomoko hayo yalikuwa kama mlango uliofungwa. Mlango huo ulidumu kwa maelfu ya miaka.

Mlango huo haukuvunjwa na mafuriko. Uliruka juu yake mtu mwenye chombo cha maji mkononi.

Katika miaka ya 1950, wakati wa utawala wa Waingereza, sangara walichukuliwa kutoka Ziwa Albert na kutiwa katika Ziwa Kyoga na Ziwa Viktoria. Mwaka 1962 na 1963 walitiwa wengine, upande wa Uganda na upande wa Kenya. Waliofanya hivyo walikuwa na sababu zao. Waliona ziwa limejaa samaki wadogo wenye miiba na bei ndogo. Wakasema, tumtie samaki mkubwa awale hao wadogo, nasi tumle huyo mkubwa. Wataalamu wengine waliwaonya. Hawakusikilizwa.

Je, unaona? Waliwaza kama vijana wetu wawili wa baiskeli.

Mzee anasimulia

Siku ile ile tulimwita mwenyekiti wa kijiji, na jioni watu wakakutana chini ya mti. Mzee mmoja aliomba kusema. Alipokuwa kijana alivua katika Ghuba ya Mwanza. Alisema hivi:

"Wajukuu zangu, ninyi mnamjua sangara, sato na dagaa. Sisi tulimjua furu. Ukitupa wavu unapata furu. Mtoto akienda na ndoana anapata furu. Mama zetu walimkausha juani juu ya mawe, bila kuni na bila mafuta. Maskini hakukosa kitoweo. Kulikuwa na ngege, kulikuwa na ningu. Kisha akaja sangara. Mara ya kwanza tulipomvua tulimwogopa. Tulikuwa hatujui hata kumpika, maana mafuta yake ni mengi. Mwaka mmoja tunapata wawili, watatu. Miaka michache baadaye wavu unatoka na sangara watupu. Nikajiuliza, furu wamekwenda wapi? Hawakwenda mahali. Walikuwa tumboni mwa sangara."

Mzee alisema kweli. Karibu na mwaka 1970 wataalamu walikokota nyavu chini ya ziwa ili kupima samaki. Katika kila kilo 10 za samaki waliopata, kilo 8 hivi zilikuwa furu. Furu hao hawakuwa wa aina moja. Walikuwa zaidi ya aina 500, na wengi wao hawapatikani mahali pengine popote duniani. Wengine walikula matope ya chini, wengine walikula majani ya maji, na wengine walikula konokono. Kila aina ilikuwa na kazi yake.

Kwa miaka mingi sangara hakuonekana sana. Watu wakadhani hana madhara. Kisha, mwishoni mwa miaka ya 1970 upande wa Kenya, na katika miaka ya 1980 upande wetu wa Tanzania, aliongezeka ghafla. Katika muda mfupi aina 200 hivi za furu hazikuonekana tena.

Shika jambo hili: samaki mgeni anaweza kukaa kimya zaidi ya miaka 20, kisha akajaa. Ukisema, "Mbona nilimtia mwaka jana na hakuna lililotokea?" bado hujajua.

Kwa nini furu walishindwa?

Jike wa furu hutaga mayai machache tu. Huyabeba mdomoni mpaka yaanguliwe, na watoto wakiogopa hurudi mdomoni mwa mama. Ni malezi mazuri. Lakini mama akimezwa, watoto wote wamemezwa pamoja naye.

Jike wa sangara hutaga mayai kwa mamilioni. Hayalindi wala hayabebi. Hata wakifa watoto wengi, wanaobaki ni wengi.

Tena furu hawakuwa wamezoea adui mkubwa na mwenye mbio kama huyo. Ni kama kuku waliolelewa uani, halafu fisi akafunguliwa mlango.

Lakini tuseme haki. Sangara hakuharibu ziwa peke yake. Udongo wa mashamba yetu yasiyo na matuta, samadi, na maji machafu ya miji huingia ziwani na kulisha ukoga wa kijani. Ukoga ukioza hupunguza hewa iliyomo ndani ya maji. Nyavu za matundu madogo nazo ziliwamaliza ngege na ningu. Sangara alikuta ziwa limekwisha kuumwa, akaliongezea ugonjwa.

Lakini sangara ametupa fedha!

Ndiyo. Kijana mmoja alisimama mkutanoni akasema: "Bwana shamba, baba yangu alijenga nyumba ya bati kwa sangara. Nami nilisoma kwa sangara. Unataka tumchukie?"

Nilimjibu: "Hapana, mwanangu. Sina ugomvi na sangara aliye ziwani."

Sangara wa Ziwa Viktoria ameleta kazi nyingi. Tangu miaka ya 1990 viwanda vya kukata minofu vimekuwako Mwanza, Musoma na Bukoba, na minofu hiyo huuzwa nchi za nje. Mabondo yake nayo yana bei kubwa. Watu wengi wamejenga na kusomesha watoto.

Lakini hesabu ina pande mbili. Furu alikaushwa kwa jua, na jua halinunuliwi. Sangara ana mafuta mengi, hawezi kukauka hivyo. Lazima abanikwe au akaangwe, na hapo miti imekatwa. Furu alivuliwa kwa mtumbwi mdogo na wavu mdogo. Sangara anataka nyavu kubwa, na wengi wetu tumebaki kuwa vibarua katika mitumbwi ya watu. Minofu mizuri husafiri, na mara nyingi anayekaa karibu na ziwa hununua kichwa na mifupa, yaani mapanki.

Sangara amekwisha kuingia ziwani. Hawezi kutolewa. Kazi yetu huko ni kumvua kwa utaratibu ili tusimmalize akiwa mchanga. Sheria yetu inakataza kumvua sangara asiyefika sentimeta 50. Huo ni urefu unaozidi dhiraa moja kidogo. Kwa hiyo vijana wetu walikosea mara mbili: waliwatoa ziwani sangara wachanga ambao wangekua, na wakawapeleka mahali wasipotakiwa.

Mahali wasipotakiwa ni pale ambapo bado hawajafika. Hapo ndipo penye vita yetu.

Ziwa dogo la kutufundisha

Huko Uganda, karibu na Ziwa Viktoria, kuna ziwa dogo liitwalo Nabugabo. Limetengwa na ziwa kubwa kwa ukanda wa mchanga. Katika miaka ya 1960 watu walimtia sangara humo. Furu wakatoweka katika maji ya wazi, kama ilivyokuwa baadaye katika ziwa kubwa.

Lakini wataalamu waligundua jambo la kutia moyo. Pembeni, ndani ya mafunjo na matete, baadhi ya samaki wa asili walikuwa bado hai. Kwa nini? Maji ya ndani ya mafunjo yana hewa kidogo. Sangara anataka maji yenye hewa nyingi, hivyo hawezi kukaa humo. Samaki wadogo wengi wa kwetu wamezoea maji hayo. Mafunjo yamekuwa boma lao.

Tena karibu na Nabugabo kuna viziwa vingine ambavyo sangara hakufika. Humo furu wapo. Huko Kenya nako, Ziwa Kanyaboli limezungukwa na mafunjo ya Yala. Ngege, ambaye ni shida kumpata katika ziwa kubwa, bado yumo humo.

Tangu miaka ya 1990, baada ya sangara kuvuliwa sana, baadhi ya furu wameonekana tena hata katika Ziwa Viktoria. Mbegu ilikuwa imebaki. Lakini aina iliyokwisha kabisa hairudi.

Sasa tazama kijiji chako. Pana lambo. Pana kijito, pana kinamasi chenye mafunjo, pengine pana ziwa dogo. Humo mna kambare, mna ngege, mna furu wadogo ambao watoto huwavua kwa ndoana. Hiyo ni akiba. Hukuinunua, wala huwezi kuinunua ikiisha.

Tulifanya nini na lambo?

Watu waliuliza: "Sangara walioingia Jumapili watafanya nini?"

Niliwaambia, mambo ni mawili. Huenda wakafa, maana maji ya lambo ni machafu na hewa yake ni kidogo. Hapo vijana wamepoteza kazi yao bure. Au huenda wakapona, wakala samaki wote wa lambo. Hapo kijiji kimepoteza kitoweo chake. Lakini kuna la tatu, nalo ndilo lilinitia hofu. Mvua zikinyesha lambo hufurika. Maji hushuka kwenye kijito, kijito huingia kwenye kinamasi, na kinamasi humwaga mtoni. Vijiji vinne vinatumia maji hayo.

Tulikuwa na wiki chache tu kabla ya mvua.

Afisa uvuvi wa wilaya alikuja na wavu wa matundu madogo. Alieleza kwamba wavu huo hauruhusiwi kuvulia, ila kwa kazi hii ametoa ruhusa. Watu walivuta wavu siku mbili, wanaume na wanawake, maji yakiwa kiunoni. Kambare na ngege walirudishwa majini. Sangara walipatikana wanne, wote hai.

Vijana wale wawili walikuwa wa kwanza kuingia majini na wa mwisho kutoka. Nilimwuliza yule mkubwa walikuwa wangapi katika ndoo ya kwanza.

"Sikuwahesabu, bwana shamba. Labda ishirini, labda thelathini."

Wengine huenda walikufa. Huenda wamo bado. Nilipotoka pale, mwenyekiti alikuwa amesimama ukingoni anatazama mawingu upande wa ziwa. Kijiji kimeamua kuvuta wavu tena kila wiki mpaka mvua zianze. Wameamua pia kuweka uzio wa matete mahali maji yanapotokea.

Wahenga walisema, maji yakimwagika hayazoleki. Maji yenye samaki ndani yake ndiyo zaidi. Kumwaga ndoo ni kazi ya dakika moja. Kuizoa, kijiji kizima kimeshinda siku mbili na hakijamaliza.

Wewe ufanye nini?

1. Usihamishe samaki hai kutoka maji haya kwenda maji yale, hata akiwa mdogo, hata akiwa mmoja.

2. Ukitaka kufuga samaki, mwone kwanza afisa uvuvi au bwana shamba wako. Atakuambia ni samaki gani anafaa na vifaranga vinapatikana wapi. Kupeleka samaki wageni katika ziwa, mto au lambo kunahitaji kibali.

3. Hata sato anataka uangalifu. Yeye si mla wenzake kama sangara. Lakini akitorokea mtoni huzaana na ngege na perege wa asili, na watoto huwa chotara. Mwisho wake wa asili hupotea. Chimba bwawa mbali na mto, mahali ambapo mafuriko hayafiki. Weka chekecheo penye mdomo wa bomba la kutolea maji.

4. Usikate wala kuchoma mafunjo yote ya kinamasi ili kulima. Acha ukanda mpana ukingoni. Hilo ndilo boma la samaki wadogo.

5. Ukiona samaki usiyemjua katika kijito au lambo lenu, usimrudishe majini. Mpeleke kwa afisa uvuvi, au mpigie simu. Waulize wenzako kama nao wamemwona.

6. Vua ziwani kwa nyavu halali. Usitumie kokoro wala chandarua. Sangara mchanga mwache akue.

7. Waambie watoto. Mara nyingi wao ndio wenye ndoana na ndoo.

Maswali ya kuzungumza darasani

Someni habari hii pamoja, kisha mjibizane:

1. Ni kitu gani kilimzuia sangara asifike Ziwa Viktoria hapo zamani? Ni nani aliyekiruka?

2. Taja faida mbili na hasara mbili ambazo sangara ameleta.

3. Kwa nini samaki wadogo walipona ndani ya mafunjo?

4. Maji ya lambo lenu yakifurika huenda wapi? Chora njia yake chini kwa kijiti. Taja kila kijiji yanapopita.

5. Kama ungewakuta vijana wale njiani, ungewaambia nini bila kuwavunja moyo?

Swali la nne msiliache. Mwambieni mzee mmoja anayeijua mito yenu aje darasani siku hiyo. Mkiisha kuichora njia ya maji, mtaona wenyewe ndoo moja inaweza kufika mbali kiasi gani.

Tukutane mwezi ujao. Nitaeleza jinsi ya kuhifadhi mahindi yasiliwe na dumuzi.

Ni mimi,
Bwana Shamba wenu